Kabla ya blokicheni kuna mizani

Shikamooni wazee wangu. Akina mama habari za mchana. Vijana wenzangu mambo. Mwenyekiti asante sana kwa nafasi.

Nimepewa nusu saa niongelee blokicheni kwenye kilimo na chakula, na nikiangalia humu ukumbini naona tuko watu wa aina mbili, kuna viongozi na makarani wa vyama vya msingi vya ushirika ambao hilo neno wamelisikia redioni tu, tena siku ambayo watu wametapeliwa hela, na kuna vijana wa programu wametoka Dar na Arusha, laptop zimeshawaka hapo mbele wanataka tuingie kwenye kuandika programu moja kwa moja. Wote naomba mnivumilie kidogo, mimi nitaanza na karatasi.

Hii hapa. Huko nyuma mnaiona? Ni stakabadhi ya kahawa ya bibi yangu mzaa mama, nakala ile ya kaboni, imekunjwa mara nne na kona hii imeliwa na mende kwa sababu aliitunza miaka yote kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Kahawa ya ngozi, ile iliyomenywa na kukaushwa ila bado haijakobolewa, kilo 48. Sasa kwenye daftari la chama ilikuwa imeandikwa kilo 43, na malipo yakaja ya kilo 43. Mimi nilikuwa fomu two, bibi akaniambia nimsindikize tukaulize. Karani akafungua daftari akaweka kidole kwenye mstari, akachukua na hii karatasi akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akasema bibi, hii ni tatu. Na kweli kaboni imefifia, ile nane upande wa kushoto haikushika vizuri, hata leo ukiiangalia haraka haraka unaona 43. Tukarudi nyumbani kwa miguu. Bibi njia nzima hakusema kitu mpaka tulipofika pale mfongo, ule mfereji wa maji, unapokatisha njia, akainama akanawa uso, akaniambia mjukuu wangu, nane yangu naijua.

Chama sikitaji na karani yule simtaji, sijaja hapa kudai kilo tano za mwaka ule. Nimeileta karatasi kwa sababu kila ninapokaa na watu wakaanza kuniambia blokicheni itamaliza matatizo ya mkulima mimi huwa nairudia hii nane, najiuliza hapa kwenye hii nane ingesaidia nini? Na jibu nitawapa, ila kwanza tuelewane tunaongelea nini.

Kufuatilia chakula maana yake ni kwamba mtu akishika gunia, au kopo, au pakiti ya unga, aweze kuuliza hiki kimetoka wapi na kimepitia mikono ya nani, na apate jibu la kweli kwa haraka. Basi. Inaonekana kitu kidogo mpaka siku kinapokosekana. Mnakumbuka Machi 2021? Kenya walizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, wakasema yana sumukuvu imezidi kiwango. Malori yakasimama mpakani Namanga, madereva wanalala chini ya magari, mahindi yanakaa juani siku nzima na usiku yanapata unyevu. Baada ya siku chache wakafungua kwa masharti, waingizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na cheti cha mahali mahindi yalipotoka. Sumukuvu siyo kitu cha kuchezea, ni sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye nafaka iliyovunwa au kutunzwa na unyevu, sumu yenyewe huioni kwa macho na ukipika haiondoki. Kenya mwaka 2004 kule Makueni na Kitui watu 317 waliugua na 125 wakafa. Hapa kwetu 2016 tulizika watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mimi simlaumu mtu anayeogopa. Kinachoniuma ni kwamba mkulima wa Rukwa aliyekausha mahindi yake kwenye turubai vizuri, akapima unyevu, akahifadhi kwenye mifuko ile ya kuzuia hewa, siku ile alifungiwa mlango sawasawa na yule aliyeyarundika chini yakiwa mabichi, kwa sababu kwenye lori yameshachanganywa na hakuna mtu duniani anayeweza kusema gunia hili ni la nani. Ukishindwa kuonyesha gunia bovu ni lipi basi yote yanakuwa mabovu.

Na msidhani ni umaskini wetu tu. Marekani mwaka 2018, saladi. Ile letusi ya majani marefu wanaita romaine, ilipata bakteria wa E. coli, watu 210 wakaugua kwenye majimbo 36, watano wakafa. Serikali ilijua letusi imetoka maeneo ya Yuma, Arizona, lakini shamba lipi hasa ikawa ni kutafuta kwenye makaratasi, huyu ana bili ya mkono, yule ana Excel, mwingine ana faksi. Ikabidi wawaambie wananchi kama hujui letusi yako imetoka wapi usiile, tupa. Nchi yenye kompyuta zote zile, na wao walifungiwa mlango wote kama sisi Namanga.

Sasa hapo ndipo Walmart, ile kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, wanapoingia. Kabla ya hiyo letusi, mwaka 2016, mkuu wao wa usalama wa chakula, Frank Yiannas, alichukua pakiti ya maembe yaliyokatwakatwa kutoka dukani akaipeleka kwenye kikao akawaambia watu wake nitafutieni haya maembe yametoka shamba gani. Wakaanza kupiga simu na kutafuta faili. Ilichukua siku 6, saa 18 na dakika 26. Halafu wakajenga mfumo wa majaribio na kampuni ya kompyuta ya IBM kwa kutumia blokicheni, wakauliza swali lile lile, jibu likaja kwa sekunde 2.2. Hiyo hadithi imezunguka dunia nzima, kila mtu anayekuja kuuza mfumo lazima awaambie, na ni ya kweli, ila kuna jambo halisemwi sana. Zile sekunde 2.2 ni muda wa kuuliza. Kazi yenyewe ilishafanyika nyuma, kuna mtu shambani aliingiza taarifa, mtu wa kiwanda akaingiza, mtu wa lori akaingiza, kila mmoja kwa wakati wake na kwa namna moja inayofanana. Maembe hayakujifuatilia yenyewe. Na Walmart baada ya ile letusi, Septemba 2018, wakawaandikia barua wauzaji wao wa mboga za majani wakiwataka waingie kwenye mfumo ndani ya mwaka mmoja. Duka kubwa linaweza kuandika barua hiyo. Swali la nani analipia kazi ya kuingiza taarifa, hilo lilibaki kwa muuzaji.

Haya, blokicheni yenyewe ni kitu gani. Akina mama wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, nyie ndio mtanielewa haraka kuliko hawa wenye laptop. Kwenye kikundi sanduku lina kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti ambao siyo ndugu. Kabla ya kufunga mnahesabu mbele ya wote, mweka hazina anatamka salio kwa sauti, na kila mtu analishika kichwani. Mkutano unaofuata kabla hamjafungua mnaulizana, jamani salio letu lilikuwa shilingi ngapi? Mkisema wote 342,500 na daftari linasema 322,500 hamuhitaji polisi, mnajua daftari limeguswa. Ndiyo hivyo hivyo. Blokicheni ni daftari ambalo kila mwanakikundi ana nakala yake kamili, na ukurasa mpya hauingii mpaka wanakikundi wakubaliane kwa kanuni waliyojiwekea, na kila ukurasa unabeba alama ya kidole ya ukurasa uliotangulia.

Hiyo alama ya kidole vijana wanaiita hashi. Unachukua maandishi yote ya ukurasa unayapitisha kwenye hesabu, inayotumika sana inaitwa SHA-256, inakutolea msururu wa herufi na tarakimu 64. Ukiandika kilo 48 unapata msururu mmoja, ukibadilisha ile nane tu ikawa tatu msururu wote unabadilika kabisa, haufanani hata kidogo na wa kwanza. Na kwa kuwa ukurasa wa pili ulishabeba alama ya ule wa kwanza, na wa tatu ukabeba ya wa pili, mtu akirudi nyuma kuchokonoa nane yangu inabidi abadilishe kurasa zote zilizofuata, tena kwenye nakala za watu wote. Sasa hapo bibi angepona? Ngoja tutafika.

Na wazee wangu niwatoe hofu moja, hili jambo halihitaji mtu anunue sarafu yoyote. Bitcoin ilianza 2009 na ndiyo iliyoleta hii teknolojia kwa watu, lakini mifumo ya chakula mingi inatumia blokicheni za kufungwa, wanaingia waliosajiliwa tu, chama, mkoboaji, msafirishaji, mnunuzi, mkaguzi. Hakuna kuchimba sarafu wala kuweka hela uzalishiwe. Mtu akija kijijini kwako akasema changieni elfu hamsini hamsini mjiunge na blokicheni ya kahawa, huyo mpelekeni kwa mtendaji.

Sasa nirudi kwenye kinachonisumbua. Mwaka 2008 China walipata janga la maziwa ya watoto. Wakusanyaji wa maziwa walikuwa wanaongeza maji, na maziwa yenye maji yakipimwa protini inaonekana imeshuka, kwa hiyo wakawa wanatia melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki. Kwa nini melamini? Kwa sababu kile kipimo hakipimi protini yenyewe, kinapima naitrojeni halafu kinakisia protini, na melamini imejaa naitrojeni. Mashine ikasoma safi. Karibu watoto laki tatu waliugua figo, 6 wakafariki. Naomba muwaze na mimi, tuseme mwaka ule kila dumu la maziwa lingekuwa na blokicheni nzuri kuliko zote, hashi zote ziko sawa, nakala kwa kila mtu. Ingeandikwa nini? Ingeandikwa protini iko sawa. Uongo ungehifadhiwa salama kabisa, haufutiki, na kila mtu angekuwa na nakala yake.

Kwa hiyo bibi yangu asingepona. Kama karani angebonyeza 43 siku ile pale kwenye mizani, blokicheni ingeifunga 43 kwa kufuli mia na bibi angeambiwa sasa hivi hata kulalamika huwezi maana mfumo haudanganywi. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko karatasi ya kaboni. Karatasi angalau unaweza kubishana nayo.

Na siongei ya kusoma. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye mradi wa kusajili wakulima wa kahawa, sitasema wapi wala wa nani, kazi yetu ni kupata nukta ya GPS ya kila kihamba, yaani shamba la nyumbani la familia, na kuifunga kwenye blokicheni. Makarani tukawapa simu na mafunzo ya siku mbili, tukawalipa kwa kichwa, shilingi mia tano kila mkulima. Wiki tatu baadaye niko gesti usiku nimefungua ramani nikaona kitu, nukta 41 zimekaa mahali pamoja. Nikasogeza picha ya setelaiti karibu, zile nukta ziko juu ya bati la ofisi ya chama. Wakulima 41 wote wana shamba juu ya bati. Asubuhi nikamfuata karani, kijana mstaarabu tu, akanieleza bila kuficha, vihamba viko kwenye mteremko, kutoka kimoja kwenda kingine ni kushuka korongo na kupanda, mvua ilikuwa inanyesha, kwa siku angewapata wanne wakampa elfu mbili ambayo haitoshi hata bodaboda, kwa hiyo aliwaita wakulima ofisini akawasajili wote pale. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Sisi tulitumia mamilioni kwenye sava na kwa mtu anayesimama shambani tukatoa mia tano. Na zile nukta zilishafungwa, hazifutiki, kinachowezekana ni kuongeza ukurasa mwingine unaosema ule wa mwanzo umekosewa, kwa hiyo mpaka leo ukiuliza ule mfumo utakuta wakulima 41 juu ya bati na maelezo ya masahihisho yanafuata nyuma.

Hiyo GPS sasa hivi imekuwa jambo kubwa kwetu sisi wa kahawa, na viongozi mnaulizwa kila siku, ni kwa sababu ya sheria ya Ulaya ya misitu ya mwaka 2023. Kahawa, kakao, mpira, soya, mawese, ng'ombe na mbao, ukitaka kuingiza Ulaya lazima uonyeshe shamba lilipo na kwamba msitu haukukatwa hapo baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umesogezwa mbele zaidi ya mara moja ila wanunuzi hawasubiri, wameshaanza kuuliza. Shamba likizidi hekta 4 unatakiwa kuchora mpaka wote, chini ya hapo nukta moja inatosha, na nukta yenyewe iwe na tarakimu sita baada ya alama ya desimali. Tarakimu sita ni kama upana wa kiganja changu, sentimita kumi na kitu. Sasa ingia na simu ya laki na nusu kwenye kihamba cha Kilema, juu kuna mgrevilea, katikati migomba imefunga mwanga, kahawa iko chini, simu itakuandikia tarakimu zako sita vizuri tu na huku imekosea mita kumi au kumi na tano. Kwenye vihamba vyetu mita kumi na tano uko kwa jirani. Suluhisho lake ni kusimama mahali pa wazi, kusubiri dakika mbili tatu, kuangalia ile duara ya makosa inapungua ndipo ubonyeze. Kitu kidogo, ila lazima mtu alipwe kwa kusubiri zile dakika mbili.

Na jambo lingine linatuhusu, sisi kahawa yetu inachanganywa. Kontena moja linabeba magunia 320 ya kilo 60, hizo ni kilo 19,200 za kahawa safi, yaani iliyokobolewa. Mkulima akiwa na kilo mia moja za kahawa safi, kontena moja limebeba wakulima 192, na wengi wenu mnajua mia moja ni mkulima mzuri. Kahawa zao zimeshakutana kwenye CPU, yaani kituo cha pamoja cha kumenya kahawa, zikakutana tena kwenye kukobolewa. Kwa hiyo mtu wa Ulaya akipiga picha ile alama ya QR kwenye pakiti akaona sura ya mama mmoja anatabasamu na kikapu, kuna mahali ameambiwa kitu kisicho sawa. Lisemwe lilivyo, kwamba kahawa hii ni ya hawa 192 wa chama hiki, vihamba vyao hivi hapa. Inatosha, na ni kweli.

Hapo hapo kwenye kuchanganya ndipo mimi naiona faida ya blokicheni hasa, kwa sababu hesabu za kilo zinaweza kusemeshana. Mnajua wenyewe inahitaji kama kilo sita za matunda mekundu kupata kilo moja ya kahawa safi. Chama kikipokea matunda kilo 30,000, kahawa safi inayotoka ni kilo elfu tano hivi. Ikitoka elfu tisa mkoboaji anaiona, mnunuzi anaiona, mkaguzi anaiona, saa hiyo hiyo, kwamba kuna kahawa imeingia katikati ambayo haijulikani ilipotoka, yaani kuna walanguzi wamepita usiku wakanunua kwa wakulima wenye shida ya ada na wameipitishia kwako. Na ikitoka elfu tatu wanachama wana haki ya kuuliza elfu mbili zimeenda wapi. Huhitaji kumuamini mtu yeyote peke yake, kila mmoja ameandika cha kwake kabla hajajua mwenzake ataandika nini. Daftari la karatasi haliwezi hivyo kwa sababu kila mtu ana lake na yanakutana mwisho wa msimu, kama yanakutana.

Vijana, swali lenu najua ni kwa nini tusitumie kanzidata ya kawaida, yaani daftari la kompyuta linaloshikwa na mtu mmoja. Mara nyingi mtumie hiyo hiyo, ni rahisi na ni nafuu. Kama daftari lina mwenye nalo mmoja na wote mnamuamini, kama M-Pesa, hamuhitaji blokicheni, M-Pesa haina blokicheni na nchi nzima inaitegemea. Inahitajika pale ambapo kuna chama, mkoboaji, msafirishaji, mnunuzi wa nje na serikali, kila mtu anaandika na hakuna anayetaka mwenzake ndiye ashike kalamu. Na hata hapo teknolojia haitoshi. Maersk, kampuni kubwa ya meli, walipofuatilia mzigo mmoja wa friji kutoka huku kwetu Afrika Mashariki kwenda Ulaya mwaka 2014, waliona unapitia karibu watu na taasisi 30 na mawasiliano zaidi ya 200. Wakaungana na IBM wakajenga mfumo wa blokicheni wa mizigo, TradeLens, uliofanya kazi vizuri tu kiufundi, lakini Novemba 2022 wakatangaza wanaufunga kwa sababu sekta haikushirikiana kwa kiwango kilichotakiwa. Fikirieni wewe ni kampuni nyingine ya meli, unaambiwa weka taarifa za wateja wako kwenye daftari lililoanzishwa na mshindani wako.

Nasi tujiulize hivyo hivyo, daftari la kahawa yetu limeanzishwa na nani na nani anaweza kulizima. Viongozi mkiletewa mkataba someni ukurasa wa taarifa kabla ya ukurasa wa vifaa. Jina la mkulima, namba ya NIDA, namba ya simu, visiende kwenye blokicheni yenyewe hata siku moja, kwa sababu kikishaingia hakitoki, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayompa mtu haki juu ya taarifa zake. Hizo zikae kwenye kanzidata ya chama, kwenye blokicheni iende hashi tu. Na mnunuzi akibadilika msimu ujao chama kiondoke na nukta zake, siyo tuanze kupanda mabonde upya kwa sababu kampuni fulani imesema ramani ni mali yake. Vihamba ni vyetu, miguu iliyotembea ni yetu.

Na mimi nataka tuombe kitu ambacho huwa hakiombwi. Hii mifumo karibu yote inatazama upande mmoja, mnywaji wa Hamburg anamuona mkulima, sura yake, mteremko wake, watoto wake. Mkulima haoni kitu. Haoni kahawa yake iliuzwa bei gani mnadani Moshi, ilikatwa shilingi ngapi ya usafiri, ngapi ya kukoboa, ngapi ya ushuru, na malipo ya pili yamekwama kwa nani. Taarifa zote hizo zipo kwenye daftari lile lile! Kumuonyesha hakuna gharama kubwa, ni meseji tu. Kama bibi anafuatiliwa mpaka tarakimu ya sita ya desimali basi na yeye aweze kuifuatilia kilo yake mpaka inapolipwa.

Sasa jibu la nane yangu. Nimekaa vituo vingi vya wakala wa pesa, hakuna mtu anayeondoka dirishani kabla simu haijalia. Mzee asiyejua kusoma anasimama pale pale anampa kijana aliye nyuma yake, nisomee, kijana anasoma kwa sauti, mzee anatingisha kichwa ndipo anaondoka. Hakuna aliyewafundisha hiyo semina, watu wameijenga wenyewe. Basi na mizani iwe hivyo. Karani anapima, mizani inaonyesha namba upande wa mkulima na siyo upande wa karani tu, anatamka kilo kwa sauti foleni nzima isikie kama salio la VICOBA, anaingiza, na kabla kitu chochote hakijafungwa dirisha linajitokeza kwenye kitochi cha mkulima, kilo 48, saa 10:42 jioni, kama ni sawa bonyeza 1, kama siyo bonyeza 2. Akibonyeza 2 wanapima tena, gunia bado lipo pale, halijachanganywa na la mtu. Asiye na simu aje na mjukuu. Mpaka mkulima akubali ndipo hashi itengenezwe, na baada ya hapo mimi mwenyewe nitaitetea hiyo blokicheni popote, kwa sababu itakuwa inalinda kitu alichokikubali mwenye mali. Na karani alipwe mshahara wa msimu, apewe na koti la mvua, siyo mia tano kwa kichwa.

Tumeshaandika hiyo programu, vijana wanne wa humu humu wamefanya kazi usiku kwa miezi, inafanya kazi bila intaneti na inatuma mtandao ukirudi. Mwenyekiti wa chama ametukubalia. Kesho matunda yanaanza kupokelewa saa tisa alasiri, tutakuwa pale kwenye mizani na daftari la kawaida litaandikwa pembeni kama kawaida, tulinganishe mstari kwa mstari msimu mzima. Nyie wa programu vaeni viatu vya matope. Akina mama njooni na vitochi vimechajiwa, na ukiona namba siyo yako bonyeza 2, usione aibu, foleni itasubiri.